Wenye Kisima

Nilipokuwa msichana wa miaka minane hivi, nilikuwa na kazi moja ambayo mama yangu hakuiafiki: kutazama vyura. Sikuwachunga wala sikuwalisha. Nilitakiwa tu kuwaona, kisha nirudi nyumbani niseme nimewaona.

Kazi hiyo alinipa cucu, yaani nyanya yangu mzaa baba. Mimi ndimi niliyepewa jina lake, Wangui, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza, kwa hiyo hakuniita mjukuu, aliniita wajina. Alikuwa mfupi, mkavu, mwanamke asiyependa maneno mengi. Utosini alikuwa na bonde dogo pale mkanda wa kubebea maji ulipokuwa umelala tangu usichana wake. Mimi pia ninalo, ila ni dogo, na wajukuu zangu wanapenda kulitafuta kwa vidole huku wakicheka.

Kisima chetu kilikuwa bondeni, kati ya Ruiru na Thika, chini ya mashamba makubwa ya kahawa. Mtoni hatukuchota maji ya kunywa, kwa sababu msimu wa kumenya kahawa ulipofika mto uligeuka rangi na kunuka uchachu. Kisima kilikuwa kidogo, ungeweza kukiruka bila kukaza sketi. Maji yalitokea chini ya jiwe, na kando ya jiwe hilo waliishi vyura wawili watatu wa rangi ya majani makavu. Cucu aliwaita wenyewe. Alisema kisima ni chao, sisi tunaomba tu.

Na anayeomba ana masharti. Usitie miguu kisimani. Usiwafukuze wenyewe, hata wakikurukia. Na zaidi ya yote, usitumbukize chombo kilichowahi kukaa motoni, maana wenyewe hawavumilii masizi. Wakiyaona watahama, na wakihama wataondoka na uzima wa maji, mbaki na maji ya kuangalia tu. Ndiyo maana pale kisimani paliwekwa kata ya kibuyu. Kila mtu alichota kwa kata hiyo, akajazia chombo chake pembeni, kiwe debe au mtungi.

Mama alikuwa mtu wa kanisa na hakupenda mambo hayo. Nakumbuka siku moja alimwambia cucu, kwa sauti ya heshima lakini imebana, "Mama, mnamfundisha mtoto kuabudu vyura."

"Sijamfundisha kuabudu," cucu akajibu. "Nimemfundisha kuangalia."

Hayo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo swali lake aliniuliza mama akiwa hayupo. Nikitua maji tu, naye akiwa bado anapepeta maharagwe, alisema bila kuinua macho, "Wenyewe wapo?" Nami nilijibu, "Wapo." Ndipo yalipomiminwa kwenye mtungi wa kunywa.

Kisha tukahamishwa. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Serikali ya mkoloni ilibomoa nyumba zetu zilizokuwa zimetawanyika, kila boma na shamba lake, ikatujaza katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote na lango moja. Baba alikuwa kizuizini, hatukujua wapi. Mama na wanawake wengine wenye nguvu walitolewa asubuhi kwenda kulichimba handaki lile lile lililotuzingira. Nyumba zilisimamishwa kwa mistari juu ya mteremko, chini yake ndipo kilipokuwa kisima chetu. Vyoo navyo vilichimbwa haraka haraka, kati ya nyumba na kisima. Nadhani wazee waliliona hilo. Hakuna aliyewauliza.

Lango lilifunguliwa alasiri, kwa muda mfupi, watu wakateke maji. Homugadi, yaani walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, walisimama juu na bunduki na filimbi. Filimbi ikilia, aliyepata amepata. Miguu ya cucu haikuweza tena kukimbia ule mteremko, mama alikuwa handakini, kwa hiyo nilikwenda mimi. Kutazama vyura kukawa kazi ya kufanywa kwa haraka, lakini nilikuwa hodari. Nilikuwa nikiwaona kabla sijafika.

Siku ninayotaka kuieleza, mvua ya masika ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Debe langu lilikuwa limetoboka. Nikachukua sufuria ya kupikia githeri, yaani mahindi na maharagwe, ambayo kwa nje ilikuwa nyeusi tititi hadi mdomoni. Nilijua nilichobeba. Nilikusudia kuijaza kwa kata, pembeni, kama nilivyofunzwa. Lakini siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na njia ina utelezi, wanawake wakasukumana, na kata ikakanyagwa ikapasuka. Zamu yangu ilipofika filimbi ililia. Wenzangu wakaanza kupanda mbio. Nikainama nikaizamisha sufuria yote kisimani.

Masizi yalitoka yakatanda juu ya maji kama mafuta ya taa. Mmoja wa wenyewe alikuwa juu ya jiwe. Aliruka, na sikuona alikorukia.

Hakuna aliyeniona. Nilifika nyumbani, cucu akauliza, nikasema wapo, na siku hiyo sikuwa nimesema uongo.

Kesho yake hawakuwapo. Nilitazama kwenye jiwe, kwenye majani, nikapekua matope kwa kijiti mpaka mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma. Siku iliyofuata pia hawakuwapo. Maji yalikuwa na ukungu kidogo na ladha ambayo mama alisema ni ya mvua. Nami nilijua ni ya nini. Nilikuwa nimefukuza wenye kisima ambacho kijiji kizima kilinywea, katika kijiji ambacho mtu mzima alichapwa kwa kuchelewa langoni, na sikuweza kukisia mimi ningefanywa nini. Niliogopa homugadi, niliogopa wanawake wa foleni, na zaidi ya wote nilimwogopa cucu, ambaye hakuwahi kunipiga hata siku moja.

"Wenyewe wapo?" akauliza.

"Wapo."

Neno hilo ni jepesi kutamka. Nililisema siku ya kwanza, nikalisema ya pili, na ya tatu nilikuwa sihisi tena kitu chochote nikilisema.

Nilikuwa na mdogo wangu, Nyakio, ambaye ndio kwanza alikuwa ameimarika kutembea. Alinifuata kila mahali akiwa ameshika pindo la nguo yangu. Akinywa maji alikishika kikombe kwa mikono miwili na kuhema ndani yake, huwezi kumpokonya mpaka amalize. Siku ya nne baada ya masizi alianza kuhara na kutapika. Kufikia asubuhi ya siku ya tano macho yake yalikuwa yameingia ndani, akawa hashiki tena nguo ya mtu.

Mama alikwenda langoni kuomba kibali cha kumpeleka hospitali Thika. Bila kibali hakuna aliyetoka. Aliambiwa mwenye kutia sahihi hayupo, arudi kesho, na kwa sasa aende handakini na wenzake. Akaenda. Watu wa leo nikiwasimulia huniuliza kwa nini alikwenda, lakini wao hawakuwapo.

Tukabaki watatu nyumbani. Cucu alimpakata Nyakio, kibuyu cha maji kikiwa kando yake, na kijiko mkononi. Alisema mtoto amekauka, arudishiwe maji kidogo kidogo. Kisha kijiko kikasimama hewani.

"Wajina, nitazame."

Nikamtazama.

"Wenyewe wapo?"

Ningeweza kusema kwamba nilisita. Sikusita. "Wapo, cucu," nikasema.

"Haya," akasema, akachota.

Nilisimama mlangoni nikamwangalia akimnywesha kijiko baada ya kijiko, na Nyakio alikunywa vizuri kwa sababu alikuwa na kiu. Alipomaliza alifungua mdomo kutaka zaidi. Cucu alifurahi. Akaniambia, "Unaona, anakunywa." Nikasema naona.

Alifariki alasiri ile, kabla mama hajarudi. Kibali kililetwa kesho yake adhuhuri na homugadi mmoja kijana ambaye hakujua la kufanya nacho. Mama alikipokea, akakikunja, akakitia ndani ya Biblia yake. Biblia hiyo sasa ninayo mimi, na kibali bado kimo.

Sikulia. Mama alidhani ni utoto, kwamba sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa kila kitu, ila nilikuwa nimekufa ganzi, na ganzi ile haikuuma popote. Nakumbuka matope kwenye viatu vya watu waliokuja. Nakumbuka tulikula githeri kutoka kwenye sufuria ile ile, na kwamba nilikuwa na njaa, nikaongezwa. Wiki hiyo alifariki mtoto mwingine katika mstari wetu, na wengine kule mwisho karibu na lango. Watu wakaacha kuja kuambizana.

Baadaye alikuja Mzungu mmoja wa afya. Akatazama vyoo, akatazama mteremko, akatazama kisima, akamwambia mkalimani maneno mafupi. Kisima kikazungushiwa seng'enge, na sisi tukaanza kuletewa maji ya tangi yaliyonuka dawa. Hakuna aliyetaja vyura. Cucu aliomba ruhusa akashuka polepole kwa fimbo yake hadi kwenye ile seng'enge, akasimama hapo muda. Kisha akapanda akarudi. Nilikuwa nikimngoja mlangoni. Alinipita, akaketi, akachukua maharagwe yake akaanza kupepeta.

Hakuniuliza tena. Si siku hiyo, si mwaka huo, wala tulipofunguliwa tukatoka kijijini na baba akarudi akiwa mtu mkimya. Nilileta maji mara nyingi mno, naye aliyapokea tu. Afadhali angenichapa.

Nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto, afisa mmoja wa afya alikuja kanisani kwetu kutufundisha kuchemsha maji. Baada ya mafunzo nilimfuata pembeni nikamuuliza kama ni kweli vyura huhama maji yakiharibika, na kama masizi yanaweza kuua kisima. Alikuwa kijana mpole, hakunicheka sana.

"Mama, hiyo ni mambo ya kitambo," akasema. "Chura anaweza kaa kwa maji chafu na asisikie kitu. Na masizi haina shida, ni weusi tu. Kama choo ilikuwa juu ya kisima, basi ni choo."

Nilimshukuru. Nilitembea kurudi nyumbani nikingoja kifua kifunguke, kwa maana nilikuwa nimeondolewa hatia na mtu wa serikali mwenye shahada. Hakikufunguka. Masizi hayakumuua mtu, sawa. Vyura labda waliondoka kwa sababu zao, au walikuwa chini ya jiwe jingine nami sikutazama vizuri. Lakini maji yalikuwa mabaya, na kulikuwa na mwanamke mmoja katika kijiji chote aliyeuliza kuhusu maji kabla ya kuyanywesha, tena aliuliza kila siku. Na aliyeulizwa nilikuwa mimi.

Cucu alizeeka sana. Miaka yake ya mwisho tulimweka kwetu Kiganjo, ambako maji yalikuwa ya mfereji, uani, ukigeuza tu yanakuja. Akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Asubuhi moja alisema ana kiu, nikamletea kikombe cha maji niliyoyachemsha jana yake. Alikishika kwa mikono miwili. Hakunywa. Akainua macho, na sauti ilikuwa ile ile ya zamani, ya mtu anayeuliza huku anafanya kazi nyingine.

"Wajina, wenyewe wapo?"

Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini. Mama alikuwa jikoni, nilikuwa nikimsikia akiosha vyombo. Maji yalikuwa safi, nami nilijua ni safi.

"Hawapo, cucu," nikasema. "Waliondoka."

Akatazama ndani ya kikombe. Hakukasirika, wala hakuuliza waliondoka lini au nani aliwafukuza. Alininyooshea kikombe tu, kama mtu anayerudisha sahani.

"Basi mwaga," akasema. "Tutatafuta mengine."

Nilitoka nje nikayamwaga kando ya ukuta. Ndivyo angalisema na siku ile, kijiko kikiwa hewani na Nyakio akiwa bado hai mapajani mwake. Mwaga, tutatafuta mengine. Nilisimama pale na kikombe kitupu nikingoja machozi, nikaona hayaji. Kisha nikarudi ndani kumtafutia mengine.