Risiti Zilizovalishwa Plastiki

Mtaani kwetu hapa Nagpur, India, karatasi ya maana haikai uchi. Cheti cha ndoa, hati ya nyumba, picha ya marehemu baba, vyote tunavipeleka dukani vivalishwe plastiki kwenye mashine ya moto. Cheti changu cha darasa la saba kimevalishwa mara mbili, na jimbo zima la Maharashtra hakuna kinachong'aa kama hicho. Bisheni.

Kwa hiyo jirani yangu Dattatray Wankhede, mstaafu wa idara ya maji, hakuwa mjinga kuliko sisi. Mkewe Indumati figo zimekataa, anasafishwa damu mara tatu kwa juma, na bima hawana. Pensheni inakatwa kodi, lakini sheria inawarudishia sehemu wakionyesha walichotumia kwa matibabu. Fedha hiyo ndiyo ingemfikisha Indumati hospitali mwaka mwingine. Basi mzee alizitunza risiti kuliko meno yake machache. Nilikuwa namtania kwamba atalala nazo kitandani, mke alale chini.

Alipoona za mwanzo zinafifia, akazibeba zote dukani, akaziacha, akaenda kuchukua dawa. Mwenye duka akazipitisha mashineni huku anaongea na simu. Sasa, risiti hizo huandikwa kwa joto, si kwa wino; karatasi yake ikipata moto hugeuka nyeusi yote. Ziliingia nyeupe, zikatoka nyeusi kama sufuria ya kuni.

Tukaenda kwa mshauri wa kodi, Bi Bhoyar. Niliongoza mimi, maana Wankhede ofisini bila mimi hupotea. Mama yule akainua plastiki dirishani, akaigeuza.

"Mzee, hapa nasoma nini?"

"Zote zipo, mama. Hesabu tu."

"Zipo, lakini hazisemi kitu."

Akapiga simu hospitali: wangeweza kutoa upya za miezi michache tu. Duka la dawa halikuwa na kumbukumbu yoyote. Nikasema tumtafutie mkaguzi wa kodi tochi. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Nyumbani Indumati alisikiliza huku anachambua dengu.

"Basi nitakuwa naenda mara mbili," akasema.

"Daktari alisema tatu," mumewe akamkumbusha.

"Daktari ndiye atakayelipa?"

Wankhede akabisha mpaka sauti ikamkauka.

Jumatano bajaji ya kumpeleka hospitali ilisimama mlangoni kwao kama kawaida. Indumati alikuwa barazani, miguu imemvimba. Akampungia dereva mkono, aende zake.