Pepo wa Kwenye Redio Yangu

Nichekeni kwanza, halafu mnisikilize. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Nakivale. Mchungaji wetu alileta kutoka Mbarara kaseti ya mwimbaji wa injili wa magitaa ya umeme. Akataka kila mmoja aisikilize nyumbani kwake, kisha tuamue kama kwaya yetu iimbe nyimbo zake.

Ikanifikia. Betri za redio yangu zilikuwa zimechoka, nami, kama tunavyofanya wote, nikazianika juani juu ya mabati kutwa nzima ili zipate nguvu. Jioni nikabonyeza. Lo! Likatoka dume linanguruma polepole, kama linaita kutoka kaburini. Nikageuza upande wa pili: lile lile. Nikaapa kwamba kaseti hii haiingii kanisani nikiwa hai.

Jumapili vijana walisema ni nzuri, kina mama wakasema imewaliza. Nikasimama.

"Bakristo, munalia nini? Ile ni sauti ya pepo! Mwanaume aliyeokoka hawezi kuimba vile!"

Nikapiga meza. Nikasema wakiikubali, mimi uzee wa kanisa nauacha leo leo.

Mchungaji aliichukua kaseti ile ile. Alitia betri mpya kwenye redio ya kanisa, akabonyeza. Ikatoka sauti nyororo ya msichana, inakwenda mbio, gitaa linaifukuza.

"Papa Yona," mchungaji akauliza, "ile pepo yako iko fasi gani?"

Mke wangu akajibu kutoka benchi la kina mama: "Iko juu ya mabati, Mchungaji. Na leo tena ameianika."