Punje Kumi za Makutupora

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa mjinga wa aina ile mbaya kuliko zote: mjinga mwenye cheti. Cheti chenyewe nilikipata kwa mafunzo ya wiki sita ya kompyuta, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitambaa pale Dodoma mjini. Tulikaa wawili wawili kwenye kompyuta moja, na mwalimu alitukataza kuingia na viatu, eti vumbi litaua mashine. Nilikitia kwenye fremu, nikakitundika chumbani kwangu juu ya kitanda. Nikikumbuka fremu ile masikio yananiwaka hadi leo.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Mnunuzi wa zamani, aliyekuwa akichukua zabibu za Makutupora kila msimu, alikuwa ameacha kununua, na wakulima wakaambiwa wajitafutie soko wenyewe, kana kwamba soko ni mbuzi aliyepotea porini. Yakaja mashirika ya kuwasaidia kulitafuta. Mimi niliajiriwa katika shirika dogo kama katibu muhtasi. Tulikuwa watu watano, gari moja na kompyuta mbili, ya bosi na yangu.

Pale ofisini nilisema mimi ni mtoto wa mjini. Ukweli ni kwamba nilizaliwa Makutupora katikati ya mizabibu, na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima tulichokuwa tunakisaidia alikuwa baba yangu mzazi. Uongo ule ulianza siku yangu ya kwanza kazini. Dereva aliwacheka wakulima waliokuja kikaoni na vumbi hadi magotini, nami nikacheka naye. Ukishacheka siku ya kwanza, siku ya pili unasemaje?

Baba alielewa upesi. Alipokuja ofisini mara ya kwanza alinisalimu "Mbukwa," salamu ya nyumbani kwetu, nami nikamjibu "Shikamoo, mzee," kwa Kiswahili kilichonyooka, macho yangu kwenye karatasi. Alivua kofia yake. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Bosi yupo?" Lugha yetu ilinisaidia kudanganya. Kila mwanaume wa umri ule huitwa mzee, na kila mzee humwita msichana mwanangu, kwa hiyo hakuna aliyegeuka kututazama. Baadaye mama aliniambia kwamba baba amewakataza wanakikundi wote wasinitaje ofisini kuwa ni binti yake. Aliwaambia kwamba wakubwa wangu watadhani ninawapendelea. Sababu ilikuwa ya heshima, na haikuwa ya kweli, na yeye alijua.

Basi akapatikana mnunuzi. Kampuni mpya ya mvinyo kutoka Dar es Salaam ilikubali kumtuma mtu wake aje kusikiliza. Akiridhika angesaini siku hiyohiyo na kuchukua mavuno yote ya kikundi msimu ule. Zabibu zilikuwa zimebakiza wiki moja, labda siku kumi, kabla hazijaiva kupita kiasi, na hakukuwa na mnunuzi mwingine. Bosi akapanga kwamba yeye atatoa maelezo kwa slaidi, baba atasema neno kwa niaba ya wakulima, na mimi nitaandaa slaidi zote.

"Ile ya kwanza yenye jina," bosi akaniambia, "iwe na mvuto. Nataka mgeni akae sawa kwenye kiti."

Nilikaa na slaidi ile siku tatu. Picha ya zabibu iliyokuja na programu sikuitaka, ilikuwa ya kitoto, ya kijani, unaweza kudhani mbaazi. Nikaamua kuchora kichala changu mwenyewe, duara moja moja. Punje ishirini na mbili. Kila punje niliitia rangi ya zambarau inayokolea kuelekea chini, nikaiwekea doa dogo jeupe juu upande wa kushoto, pale jua linapopiga, maana zabibu nilikuwa nazijua. Nikachora kikonyo, nikachora jani. Kompyuta ilikuwa nzito, kila nikiongeza punje ilijifikiria kwanza, nami nikakaa nikingoja mikono ikiwa mapajani. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena kazini.

Kisha nikafika kwenye orodha ya miondoko. Waliotumia programu zile wataikumbuka: kitu kinaweza kuingia kikiruka, kikizunguka, kikidunda, na kila kitu na mlio wake. Niliijaribu yote. Mwisho nikapata wazo ambalo niliamini hakuna mtu Dodoma nzima aliyewahi kulipata. Kichala kingetokea katikati ya kioo. Kingetikisika mara tatu. Halafu punje zingeanza kuanguka moja moja, ndo, ndo, hadi zitimie kumi, na kila moja ikigusa chini ingegeuka herufi, mpaka neno Makutupora lisomeke lote. Mwishoni, makofi.

Wenzangu waliitana kuja kuona. Dereva akasema, "Dada, wewe unapoteza muda hapa, nenda televisheni." Televisheni wakati ule ilikuwa bado kitu kipya kwetu, na sifa hiyo nililala nayo.

Asubuhi ya siku iliyotangulia mkutano, baba alikuja kuuliza atasema nini na kwa dakika ngapi. Bosi alikuwa hajafika. Baba akasimama nyuma ya kiti changu, kofia mkononi, akaomba aone nilichotengeneza. Nilimwonyesha kwa sababu dereva alikuwa amekaa pale, na nilitaka dereva aone tena.

Kichala kikatokea. Baba akatabasamu. "Eee," akasema, "hii ndiyo yenyewe." Kikatikisika. Punje ya kwanza ikaanguka, na tabasamu likamtoka.

"Mwanangu, mbona zinaanguka?"

Hapa sina pa kujifichia, kwa sababu sikuhitaji kuelezwa. Kwetu mnunuzi haanzi kwa kuonja. Anainua kichala kwa kikonyo, anakitikisa mara tatu mbele ya mwenyewe. Punje zikishika, tenga linapanda lori. Zikipukutika, zabibu imepitiliza au ina ugonjwa, na tenga linarudi, na pengine shamba zima linakataliwa. Nilikuwa na miaka minane nilipoona tenga letu likirudishwa, na mama akalibeba kichwani hadi nyumbani bila kumwamkia mtu njiani. Ile mara tatu sikuitunga ofisini, ilitoka kwenye lori lile. Mikono yangu ilikuwa imekumbuka kila kitu, halafu kichwa changu chenye cheti kikaona ni urembo.

"Mzee," nikamwambia, "hii ni kompyuta. Hao ni watu wa Dar, hawatazami mambo ya shambani."

"Mnunuzi ni mnunuzi," akasema polepole. "Haziwezi kubaki tu kwenye mti wake?"

"Zikibaki hakuna mvuto. Niachie mzee, hii ndiyo kazi niliyosomea."

Dereva akacheka. Baba alikitazama kioo, kisha akanitazama mimi, akasema, "Haya, mama. Wewe ndiye uliyesoma." Laiti angelisema kwa kejeli. Alisema kwa fahari, akavaa kofia yake, akaenda kungoja kwenye benchi la nje.

Mkutano ulikuwa saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa hosteli moja hapo mjini. Wakulima kumi na wawili walikaa upande wa madirisha. Baba alikuwa mbele yao, amevaa koti alilonunua kwa ajili ya harusi ya kaka yangu, na chini ya kiti chake kulikuwa na tenga dogo la zabibu alizochuma alfajiri ile. Mnunuzi alikuwa mtu mpole wa makamo, mwenye kalamu mbili mfukoni. Tukafunga mapazia. Nikabofya.

Kwenye ukuta ule punje zilikuwa kubwa kama vichwa vya watu. Nilisikia mnong'ono wa kupendezwa, nikavimba. Kichala kikatikisika mara tatu, na mnong'ono ukakatika palepale. Ndo. M. Ndo. A. Nikatazama upande wa wakulima, nikaona nyuso zao katika mwanga ule wa zambarau, na hapo ndipo kichwa changu kikaelewa kile ambacho baba alikisema kwa maneno matatu tu. Mama mmoja, jirani yetu wa shamba la pili, alisonya. Nikabofya kusimamisha. Kompyuta ikanyamaza, ikajifikiria, ikaendelea. Nikabofya tena na tena. Ndo. Ndo. Zilianguka zote kumi, chini ya kichala kikabaki kikonyo kitupu kinachochungulia, na makofi ya mashine yakalia ukumbini bila mkono wa mtu.

Mnunuzi alisubiri makofi yaishe. "Samahani," akasema, na kweli hakusema kwa ubaya, "hizi zenu ndivyo zinavyopukutika? Nauliza kwa sababu mtu mwenye zabibu nzima hawezi kuchora hivi. Nani amechora?"

Bosi akanigeukia. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, lakini baba alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwagiza binti wa ofisi aweke namna ile. Niliona itapendeza. Kosa ni langu."

Binti wa ofisi. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Ilikuwa ndefu kabisa, nilisikia feni ya projekta ikizunguka ndani yake. Nilitazama kipanya, nikakisogeza kushoto kidogo, nikakirudisha.

Wakulima walimtazama mwenyekiti wao kama mtu wasiyemjua. Yeye akainama, akatoa kichala kwenye tenga, akakiinua kwa kikonyo, akakitikisa mara tatu. Haikuanguka hata punje moja. Akakitikisa tena, kwa nguvu zaidi, na koti la harusi likamvuka begani.

"Nimeona, mzee," mnunuzi akasema. "Lakini hicho umekichagua mwenyewe. Nitamtuma mtaalamu wetu akague mashamba kwanza, ndipo tusaini."

Hivyo tu. Slaidi nyingine kumi na tano za bosi hakuna aliyezisikiliza. Mtaalamu alifika wiki ya tatu. Jua la baada ya mvua lilikuwa limeshafanya kazi yake, na alipoinua kichala cha kwanza, kwenye shamba la baba, punje zilianguka kwenye viatu vyake. Aliandika kitu kwenye daftari akaenda zake. Zabibu nyingine ziliuzwa kwa ndoo stendi ya mabasi, nyingine zililiwa na ndege, na nyingi zilioza kwenye mizabibu hadi shamba lote likanuka uchachu.

Kikundi kilikaa, kikamtoa baba kwenye uenyekiti. Alikuwa amekiongoza tangu kilipoanza. Mama alinisimulia kwamba aliulizwa mwenyekiti anayewaonyesha wanunuzi zabibu zinazoanguka ni wa kazi gani, na baba akarudia kwamba kosa ni lake. Ofisini kwangu hakuna aliyenigusa. Bosi alisema kazi ya kuchora ilikuwa nzuri, ila wazo la yule mzee ndilo lililoharibu, na akanipa slaidi za wafugaji wa Mpwapwa. Dereva, aliyekuwepo siku ile baba aliponiuliza, aliinamisha kichwa kwenye chai yake. Hakunitania tena hadi nilipoacha kazi pale.

Nilikwenda nyumbani wakati wa kupogoa. Nilikuwa nimejipanga. Njia nzima kutoka mjini nilikuwa narudia maneno: nitamwomba radhi baba, kisha nitapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanakikundi kwamba picha ilikuwa yangu, na kwamba baba alinionya. Nilivua viatu vyangu vya mjini pembeni ya shamba, nikaingia peku.

Kabla sijamfikia baba nilikutana na yule mama jirani, aliyesonya ukumbini. Alikuwa anafunga matawi makavu mafungu mafungu. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za mjini, akanisifu nimenenepa. Kisha akashusha sauti, ingawa si sana.

"Pole, mwanangu. Afadhali wewe uliyesoma. Mzee wako na ile picha yake ndio waliotuponza."

Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa mdomoni, tayari. Nilimwona anavyonitazama, kwa heshima, mtu wa kompyuta.

"Wazee ndivyo walivyo," nikasema.

Baba alikuwa mstari wa pili, nyuma ya majani, anapogoa. Nilisikia mkasi wake ukisimama. Kisha ukaendelea kukata.