Barua Ambayo Hakuna Aliyeiandika

Kama una mzazi mgonjwa, hii isome ukiwa umekaa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kazini. Mimi ndiye ninayetunza mashine ya barua pepe ya kampuni yetu, ile inayopokea barua za wafanyakazi wote na kuzihifadhi kwenye diski. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi nilipofungua barua ya kaka yangu.

Kaka yangu huandika kama analipia kila neno. Salamu hana, kwaheri hana, hata nukta ya mwisho anaibania.

Barua ilisema:

"Mama kafanyiwa upasuaji juzi. Sikutaka kukushtua ukiwa kazini. Madaktari wamejitahidi sana

na jana jioni tukamzika kama alivyotaka, bila makelele. Alikutaja mpaka siku ya mwisho. Usijilaumu kwa kutofika."

Chai ilimwagikia kibodi. Sikuifuta.

Nilipiga simu ya kaka, haipatikani. Nikapiga ya mama, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita tena. Ndugu zangu, simu ya mtu uliyeambiwa kazikwa, ikiwa inaita, inatisha kuliko iliyozimwa.

Nilijua mama anaumwa tumbo. Nilikuwa nasema nitaenda mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika, nasema ujao.

Nikakaa chini, sakafuni kabisa, mgongo kwenye kabati la mashine. Mwenzangu wa ofisini, tunamwita Plagi kwa sababu hana dawa nyingine ya kompyuta zaidi ya kuichomoa na kuichomeka, akaja kuona kulikoni. Nikamwonyesha kioo cha kompyuta kwa kidole.

Alisoma mara mbili. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu si ndiye kaka yako aliyekuandikia 'pole' tu ulipovunjika mguu?"

"Ndiye."

"Leo hayo maneno yote kayatoa wapi?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mzee Bahasha.

Mzee Bahasha ndiye fundi aliyenifundisha kazi hii, akastaafu mwaka jana. Jina alilipata kwa sababu ya wimbo wake mmoja: kila barua na bahasha yake. Kwenye diski kuna njia mbili za kupanga barua. Unaweza kuifanya folda nzima ya mtu iwe faili moja refu, kila barua mpya inaunganishwa mkiani mwa iliyotangulia. Au unaifanya folda iwe folda kweli, na kila barua iwe na faili lake peke yake humo ndani.

Sisi tulitumia faili moja refu. Mzee alinisihi nizitenganishe, mimi nikamwona ana mambo mengi. Kunakili faili moja ni rahisi, nani anataka kuhangaika na mafaili laki tano?

Aliponishindwa akaweka kufuli: programu moja ikiandika, nyingine isubiri nje. Siku anaondoka alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, programu mbili zikiandika faili moja bila kusubiriana, siku moja utasoma barua ambayo hakuna aliyeiandika."

Na wiki iliyopita nilikuwa nimeweka programu mpya ya kuchuja barua taka. Nayo ilikuwa inaandika kwenye faili hilo hilo, na kuhusu kufuli la mzee haikuwa na habari.

Nilifungua kumbukumbu za mashine. Kweli. Barua mbili zilinifikia sekunde moja, zikaandikwa mahali pale pale. Ya kaka, fupi, ililalia ile ndefu na kuufuta mwanzo wake. Mkia ukabaki umening'inia.

Nilimkumbatia Plagi mpaka akalalamika. "Mama hajafa," nikamwambia. "Kafa mtu mwingine." Nilikuwa nacheka, Mungu anisamehe.

Simu ikaita. Ni mama, sauti dhaifu lakini ni yake, anauliza kwa nini nampigia kama anadaiwa. Alikuwa anabadilishwa bandeji ya kidonda, na kaka simu imemwishia chaji. Nililia, akanikemea kwamba mtu mzima halii kazini.

Nilipokata, Plagi alikuwa bado anatazama kioo.

"Sasa hiyo nyingine," akasema, "imetoka kwa nani?"

Nikatafuta anwani kwenye kumbukumbu. Nikaiona. Ilikuwa ya binti wa Mzee Bahasha.

Kicheko kilinikauka. Nilikuwa nimesikia mzee anaumwa. Naye nilimwekea mwisho wa mwezi.

Mwanzo wa barua yake ulikuwa umefutika, hakuna fundi wa kuurudisha. Nilimpigia binti, nikampa pole, nikamwomba kwa aibu anitumie tena. Hakuuliza sababu.

Safari hii nililizima kwanza lile chujio. Barua ikafika nzima. Ilianza hivi:

"Kaka, baba alipozidiwa alikuulizia. Alitaka kujua kama umeshazitenganisha zile barua. Nilimwambia sijui. Akasema nikuandikie nikuulize, wewe utaelewa. Usiku huo akatutoka, na jana jioni tukamzika kama alivyotaka, bila makelele."

Swali la mwisho la mzee ndilo lililofutwa na faili langu.

Nilisimamisha barua za kampuni nzima. Bosi alifoka, nikamwacha afoke. Sikutoka pale mpaka kila barua ilipopata faili lake, kisha nikamjibu binti: mwambie mzee nimezitenganisha. Nilishatuma ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kuambiwa.

Funzo langu ni dogo. Anayekupenda akikuonya jambo, usiliweke kiporo, na mgonjwa hangoji mshahara wako. Ninaandika haya nikiwa nimekaa miguuni pa kitanda cha mama. Kaka yupo kwenye kiti cha pembeni, na tangu nifike kasema neno moja tu: "Umekuja."