Kelele za Nyuma ya Darasa

Mwalimu aliyekuwa jirani yangu hapa Malaba ametutoka. Mwanawe alinipigia simu asubuhi nikiwa Busia mjini, nikimngoja wakala wa mizigo, akasema, "Mzee, mama ametuacha." Alikuwa akisumbuliwa na moyo kwa muda, basi sikupigwa na mshangao, ila niliketi kwenye benchi la yule wakala nikasahau nilichofuata. Tulimzika kijijini Adungosi, kwa wakwe zake. Leo nilikusudia kuandika kwa upole, kama ilivyo desturi tunapomsindikiza mtu, lakini hotuba moja ya mazishini imenikaa kooni. Mwalimu mkuu wake wa zamani alishika kipaza sauti akatangaza kwamba darasa la marehemu lilikuwa tulivu kuliko yote, hata nzi akipita ungemsikia. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaza meno, kwa sababu bwana huyo huyo ndiye aliyemhamisha kwa kosa la kelele.

Mpwa wangu alikuwa gredi ya nne katika darasa hilo, kwa hiyo niliyaona mengi. Shule iko kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kuelekea mpakani. Madirisha hayana vioo, watoto hubanana watatu kwenye dawati, na mvua ikianza kuyapiga mabati somo husimama lenyewe. Humo ndimo mwalimu alimotakiwa asikike, na mwalimu alisikika kwa kupiga kelele kuliko wote. "Nyamazeni!" Nilikuwa namsikia nikiwa langoni. Jioni alipopita kwangu kunywa chai, sauti yake ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyeshinda akiuza sokoni. "Baba, mimi sifundishi siku hizi," aliniambia mara moja. "Mimi nanyamazisha. Kengele ikilia ndiyo nakumbuka sijafundisha."

Kisha sauti ikakatika kabisa. Hospitalini Kocholia alishauriwa aipumzishe, lakini shule haikuwa na mtu wa kumshikia darasa, basi akaingia hivyo hivyo, bubu, akawa anaandika ubaoni na kutembea katikati ya madawati. Ndipo kwa mara ya kwanza akasikia yaliyokuwa yakisemwa nyuma. Pale aliketi msichana mgeni, mama yake muuza nyanya kutoka upande wa Uganda, ambaye Kiswahili kilikuwa kinampita na Kiingereza alikishika kidogo tu. Aliyekaa naye, binti ambaye kila siku alikuwa akikemewa kwa domo, alikuwa akimgeuzia kila sentensi ya ubaoni kwa Kiganda, polepole, kisha anamuuliza kama ameelewa. Mwalimu alinisimulia jambo hilo kwa sauti ya kunong'ona, machozi yakimlengalenga. Hakuwa na huzuni, alikuwa amekasirika. "Huyo mtoto nimemsimamisha nje mara ngapi? Na yeye ndiye alikuwa anafundisha!"

Sauti iliporudi hakuitumia tena kwa kukemea. Alieleza jambo kwa ufupi, kisha akawaacha watoto waelezane wawili wawili kwa lugha yoyote, Kiteso, Kiluhya, Kiganda, halafu akainua mkono wake juu na kungoja. Mwanzoni walimcheka. Baadaye wakazoea: mkono ukipanda, maneno yanashuka. Mpwa wangu, ambaye hakuwahi kunieleza lolote la shuleni, akaanza kutufundisha hesabu za sehemu mezani kwa vipande vya chapati. Yule mgeni akasimama siku moja akasoma aya nzima ya Kiswahili, na darasa likamshangilia hadi ofisini wakasikia.

Kusikika ofisini ndiko kulikomponza. Mwalimu mkuu alifika mlangoni. "Madam, hii ni darasa ama ni soko?"

"Ni darasa, mwalimu. Wanaelezana."

"Wageni wakija watasema nimeshindwa na shule. Mimi nataka kimya."

"Kimya nilikidai kila siku, mwalimu. Ila hawakuwa wanaelewa."

Muhula uliofuata alihamishiwa shule nyingine. Mwalimu mpya aliwatenganisha wale marafiki wawili siku ya kwanza, mmoja mbele, mwingine nyuma. Darasa likatulia kweli kweli, na sisi wazazi, tuliokuwa tukipita dirishani, tukalisifu. Kabla muhula haujaisha, yule msichana mgeni aliacha kuja. Jirani yangu alipopata habari alipanda boda boda Jumamosi akavuka kumtafuta mama yake. Alimkuta sokoni, binti yuko kando yake anawaita wateja.

"Mwalimu, sikumkataza shule," mama alimwambia. "Anasema huko haongei na mtu kutwa nzima. Hapa angalau anaongea." Jirani yangu alibembeleza, akarudi tena Jumamosi nyingine, na nyingine. Binti alimsalimia kwa heshima, akampimia nyanya, hakurudi shuleni.

Sina ugomvi na nidhamu. Darasa lenye fujo halifundishiki, na walimu wetu wanabebeshwa watoto wengi kupita kiasi kisha wanalaumiwa wakipaza sauti. Kinachoniudhi ni kwamba tumefanya kimya kuwa ndiyo elimu, kwa sababu kimya kinaonekana ukiwa dirishani na kuelewa hakuonekani. Mtu anahukumiwa kwa kipimo hicho akiwa hai, na akifa tunamzika na sifa ya jambo alilolikataa. Walimu wakuu, nanyi wazazi wenzangu: mtoto akiongea darasani, ingieni kwanza mjue anasema nini na anamwambia nani. Kumnyamazisha ni kazi ya neno moja. Kumrudisha akishaondoka, mwanamke mwenye moyo mgonjwa alivuka mpaka mara tatu kujaribu, na hakuweza.