Mwalimu wa Nyimbo na Nyumba Yake

Symphorien alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya misioni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Walikale, mashariki ya Kongo. Siku za kazi alifundisha hesabu, Jumapili alipiga kinanda kanisani, na njiani, kati ya nyumba na shule, alitunga nyimbo. Miaka yote watu walikuwa wameimba Misa kwa Kilatini, wengi bila kujua wanaomba nini. Ruhusa ilipotoka ya kumwimbia Mungu kwa lugha ya watu, na ngoma zikaingia kanisani, yeye alikuwa tayari. Aliitunga "Bwana utuhurumie" kwa sauti ya maombolezo aliyoisikia kwa mama yake tangu utotoni. Siku ilipoimbwa mara ya kwanza, wazee waliinamisha vichwa, na mjane mmoja alitoka nje kulia.

Mwaka wa 1966 ikaja barua ya wakubwa wa Kanisa kutoka Bukavu. Mwalimu aje mjini miaka miwili, akae na watungaji wengine, watayarishe kitabu cha nyimbo. Symphorien aliisoma mara tatu kabla ya kumwambia mkewe. Emérence alikuwa binti kutoka Kingi, kule milima ya Masisi, wazazi wake wakulima wa maharagwe. Aliolewa mbali na kwao, akajifunza kuuzoea msitu. Wakati ule alikuwa na mimba ya mtoto wa nne. Alimaliza kwanza kutwanga sombe, majani ya mihogo, ndipo akasema:

"Uende. Kazi yako njo hiyo, minaona. Lakini batoto basikujue ku mabarua tu."

Huko Bukavu alipanga chumba katika mtaa wa Kadutu. Alikutana na Benoît, mpiga kinanda kama yeye, na kwa mara ya kwanza maishani akapata mtu wa kubishana naye asubuhi nzima juu ya noti moja. Jambo hilo lilimlevya kuliko pombe ya ndizi. Mwanzoni alirudi nyumbani kila baada ya miezi miwili, juu ya kamyo, lori la mizigo, amekaa kwenye magunia. Kisha Noeli ikakaribia, kwaya aliyoiongoza huko ikamhitaji, hakwenda. Mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, wakamwita Béata, na siku ya ubatizo Emérence alisimama peke yake mbele ya padri. Baba yake alipomshika, Béata alikuwa na miezi minne, na alilia mpaka pumzi ikamkatika. Majirani walicheka. Symphorien hakucheka. Wiki ileile alikata shauri: wote watakwenda kuishi naye mjini.

Chumba kilikuwa kimoja, na watu sita. Emérence, ambaye hakuwahi kununua maharagwe tangu azaliwe, sasa aliyanunua sokoni kwa kopo, akiyageuza mkononi kutafuta yaliyotobolewa na wadudu. Symphorien akitunga, lazima wote wanyamaze. Watoto wakitoka kucheza uani, wenye nyumba wanawafukuza. Wakirudi ndani, baba anakunja uso. Hakuna aliyekuwa na mahali.

Alasiri moja Grégoire, mtoto wa kwanza, mwenye miaka minane, alikuwa akigonga sufuria kwa vijiko viwili, akiimba maneno yake mwenyewe. Symphorien alikuwa na wimbo wa Misa, "Utukufu", mbele yake, haujaisha, na kesho yake kwaya ilikuwa ikiungojea. Alimwambia mtoto anyamaze. Grégoire alinyamaza kidogo, kisha akajisahau, akagonga tena. Symphorien aliinuka. Halikuwa kofi moja la baba anayeonya. Alimpiga na kumpiga, mpaka Emérence alipojitia katikati yao. Mdomo wa mtoto ulikuwa unatoka damu.

Emérence alimwosha, akamlaza, akamfunika. Ndipo akamgeukia mumewe, bila kupandisha sauti.

"Wimbo zako zinaomba Mungu atuhurumie. Sasa huyu mutoto, yeye aombe nani?"

Symphorien aliokota vile vijiko viwili sakafuni, akaviweka ndani ya sufuria. Siku mbili baadaye mkewe na watoto wote wanne walipanda kamyo ya kurudi Walikale. Aliwapakilia mizigo yao yeye mwenyewe. Watoto wengine walimpa mkono. Grégoire alitazama upande mwingine.

Aliumaliza ule "Utukufu". Ulitoka mzuri, na uzuri wake ulimchoma, maana alijua umelipiwa na nani.

Mwezi wa nane, 1967, mamluki walioasi serikali waliingia Bukavu, na mji ukatawanyika. Benoît alimwomba wakimbie pamoja. Symphorien alikataa, akafunga makaye yake, madaftari ya nyimbo, ndani ya blanketi, akashika njia ya msitu. Alitembea siku kumi na moja, akiikwepa barabara kwa kuwaogopa askari wa kila upande, akila mihogo ya kupewa. Mvua ilimkuta akipita kijiji cha Hombo. Nusu ya makaye ililowa, wino ukatapakaa, nyimbo zikapotea.

Emérence alikuwa shambani alipomwona. Aliitazama miguu yake iliyovimba, akaweka jembe chini, akaenda kuchota maji ya kumkanda. Grégoire alizunguka nyuma ya nyumba.

Katika nchi ile baba hamwombi mtoto wake msamaha, wajomba wangemcheka. Symphorien alilifikiria hilo siku tatu. Siku ya nne alimfuata Grégoire mtoni, akamkuta anasuka mtego wa samaki, akakaa juu ya jiwe karibu naye.

"Grégoire, nilikupiga vibaya. Wewe haukukosa kitu. Mimi njo nilikosa. Unisamehe."

Mtoto aliendelea kusuka. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Utarudia Bukavu?"

"Sijui."

"Basi ukae kwanza."

Alikaa. Mwaka uliofuata mji ulitulia, na barua ya kumwita ikaja tena. Safari hii aliisoma pamoja na mkewe, wakaizungumza siku nyingi. Akajibu kwamba atakuja mwezi mmoja kila mwaka, wakati wa kiangazi; nyimbo nyingine atazituma kwa madereva wa kamyo. Jibu hilo halikuwapendeza wote. Nafasi yake ya kuongoza kwaya alipewa mwingine.

Kitabu kilitoka mwaka wa 1969, kidogo, chenye jalada la kijivu. Nyimbo zake zilikuwa sita. Majina ya watungaji hayakuandikwa. Symphorien alilitafuta lake tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, akakifunga kitabu, akachukua jembe, akaenda kulima jua likiwa kali.

Emérence alimfuata.

"Inakuuma?"

"Inauma."

Hakumbembeleza. Alishika jembe lake, akaanza tuta la pili kando ya la mumewe, nao wakalima hivyo mpaka mwisho wa shamba.