Aliyeniitikia Jina

Asubuhi hiyo tulikuwa tunanyambua kitenzi cha Kilatini, na mvua ilikuwa inapiga mabati ya darasa letu pale Uvira hata Mwalimu Ruben ikabidi apaze sauti. Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, seksheni ya Kilatini na falsafa. Ukiniuliza Kilatini kilitufaa nini kando ya Ziwa Tanganyika, sina jibu la maana. Nilikipenda tu, na bado nakipenda.

Kila somo lilianza kwa kuita majina. Mwalimu Ruben alituweka wote kichwani, hakuhitaji kuandika. Tatizo lake lilikuwa macho. Alipoita majina alikuwa anatazama dirishani, maana kututazama sisi hakukumwongezea kitu. Ukisikia jina lako unajibu "Adsum", yaani nipo. Sisi tukageuza jambo hilo mchezo: mwenzako wa benchi akichelewa, wewe ndiye wa kumwitikia, tena kwa sauti yake. Kashindi, mwenzangu wa benchi, hakuwa na mpinzani. Mimi huongea puani, na aliniiga sawasawa. Siku moja nikiwa nje ya mlango, nimelowa chapachapa, nilijisikia mwenyewe nikiitika ndani.

Juma hilo vita vikashuka kutoka milimani. Nitafika huko, lakini kwanza nieleze kilichonifanya nivizungumze, maana miaka miwili nilikuwa nimefunga mdomo.

Nilikuwa Toronto, naishi St. James Town, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Siku moja simu ililia. Alikuwa Mama Kashindi. Kanisa moja lilikuwa limemleta kutoka Nairobi, akapata nyumba Regent Park, mwendo wa miguu tu kutoka kwangu.

"Bitondo, mwanangu," alisema, "miye sitaki mengi. Ulikuwa na mwanangu ile siku. Utanieleza alikufa namna gani, na wapi. Nitakuya dimanche, kisha misa."

Nilimwambia karibu Jumapili, mama. Nikakata simu. Mimi sikuwa na Kashindi siku ile. Yeye aliamini nilikuwa naye, na nilijua kwa nini aliamini.

Juma hilohilo nilipewa mzee mpya wa kumhudumia, Mjerumani, jina lake Konrad, ghorofa chache juu yangu. Wanjiru, dada Mkenya aliyetupangia kazi, aliniambia kwenye simu, "Huyo mzee ni wa gymnasium bana, mtaskizana tu." Mimi nikaelewa jimu, ukumbi wa mazoezi. Basi siku ya kwanza, nikimsaidia kuvaa shati, nikamwambia nimesikia ni mtu wa gymnasium, na mabega yake bado yanaonyesha alikuwa mwanamichezo. Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mwembamba kama ufagio.

"Kwetu gymnasium ni jina la shule," alisema. "Pale tulifundishwa Kilatini."

Nilimjibu kwa sentensi moja ya Kilatini niliyoikumbuka, yenye kosa. Alilisahihisha kosa kwanza, halafu ndipo akashangaa. Tangu hapo kila nilipomkoroga uji nilikuwa namhoji. Udadisi ni ugonjwa wangu wa siku zote, na siku zile ulinisaidia kusahau kwamba Jumapili inakuja.

Shule yake, alisema, ilifunguliwa ndani ya nyumba ya watawa, baada ya mji kuingia Uprotestanti na watawa kuondoka. Nikapiga hesabu: miaka hiyo Mombasa ilikuwa bado inachomwa moto na Wareno. Wanafunzi maskini walipita nyumba hadi nyumba wakiimba zaburi ili wapewe mkate. Kilatini kilianza alfajiri na kurudi mchana, na hata uani ilikuwa marufuku kusema Kijerumani. Mwanafunzi mmoja aliteuliwa kwa siri kuwachongea wenzake. Walimwita mbwa mwitu.

Nilimwambia kwetu nako aliyebambwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, atembee nacho mpaka ambambe mwingine. Akaniuliza kibao kilikuwa cha mti gani. Swali hilo lilinifurahisha sana, maana ndilo ambalo hata mimi ningeuliza.

Karne zikapita. Wakaongeza Kigiriki, halafu hesabu, halafu fizikia. Alipoingia yeye, akiwa mtoto, watawala wa wakati ule walikuwa wameshaichezea ratiba. Kigiriki kilipunguzwa, masumbwi yakaongezwa, na mwalimu wa biolojia akaanza kuwapima wanafunzi vichwa ili aseme nani ni damu bora.

"Na Kilatini?"

"Kilatini walikiacha kama kilivyo. Hawakukiogopa."

Kisha vikaja vita vya dunia, na mizinga. Darasa lake zima, watoto wa miaka kumi na sita, walipelekwa nje ya mji kutungua ndege za adui. Lakini walikuwa bado wanafunzi, na sheria ilidai wasome. Kwa hiyo mwalimu wa Kilatini alipanda baiskeli akawafuata kwenye mizinga. Alifika, akafuta matope kwenye viatu, akaita majina.

Hapo niliacha kukoroga uji.

"Na asiyeitika?"

"Mwalimu alingoja. Aliita tena mara moja, akangoja. Halafu tulijua. Ndipo akaendelea na somo."

"Hakuna mwenzake aliyemwitikia?"

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Kumwitikia mwenzako? Wangemtafutaje, basi, kama ameshaitika?"

Nilishuka kwangu bila kuaga vizuri.

Sasa nieleze siku yetu.

Risasi zilianza kusikika milimani kabla ya somo kwisha. Mwalimu Ruben aliamua wanafunzi wote wa bweni waende naye kusini, kuelekea Fizi, kwa miguu. Tukutane uwanja wa kanisa.

Mimi nilikimbia kwanza kumwona bibi yangu, aliyekuwa mgonjwa. Nikakuta majirani wameshambeba kukimbia naye.

Nikarudi mbio. Barabarani watu walikuwa wanashuka na magodoro kichwani. Mtu mmoja alikuwa anavuta mbuzi aliyekataa kutembea.

Uwanja wa kanisa ulikuwa mtupu.

Nilisimama pale kwenye mvua sielewi. Mwalimu Ruben asingemwacha mtoto. Hilo nilikuwa na uhakika nalo kuliko kitu kingine chochote.

Makombora yalianza kuangukia upande wa soko.

Nikakimbilia ziwani. Familia moja iliniokota kwenye mtumbwi wao, tukakata maji kuelekea Kigoma.

Huko, kwenye kambi ya wakimbizi, siku nyingi baadaye, nilikutana na Elia, mwanafunzi wa mwaka wa nne. Aliponiona alinishika mkono, akaubinya, akaubinya tena. Alidhani nimekufa. Ndiye aliyenieleza. Mwalimu aliita majina palepale kanisani, mvua inanyesha, macho yake yako mlimani. Kila mmoja aliitika. "Na wewe uliitika," Elia alisema. "Nilikusikia kwa masikio yangu."

Nikamwomba anionyeshe nilivyoitika. Akabana pua.

Walitembea mpaka kwenye mto mmoja. Ng'ambo kulikuwa na askari. Mwalimu Ruben alikuwa mbele, akaanguka wa kwanza. Elia alimwona Kashindi akikimbilia matete, na hakumwona tena. Yeye mwenyewe alijitupa majini. Alipofika Kigoma aliwapa wazazi habari aliyoijua: Kashindi alikuwa na Bitondo. Mama Kashindi alikuwa ameshapita kwenda Nairobi, habari ikamfuata huko.

Kwa nini aliniitikia? Nimelizungusha swali hili kichwani kama jiwe kiatuni. Labda alidhani nimo njiani, nitawakuta kama siku zote. Labda aliogopa mwalimu akisubiri watakamatwa wote. Labda mdomo ulizoea tu. Kama angenyamaza, mwalimu angengoja, na pengine tungekufa sote pale kanisani, au pengine tungefika mtoni askari wameshaondoka, na Kashindi sasa angekuwa ananiigiza huku Toronto na wasichana wanacheka. Sijui. Ninachojua ni kwamba niko hai kwa sababu ya neno lile, na kwamba kwa sababu ya neno hilohilo hakuna aliyenitafuta mimi, wala aliyebaki nyuma kumtazama yeye, maana wote walidhani niko naye.

Jumapili Mama Kashindi alikuja na nguo zake za kanisani chini ya koti zito la kuazima. Alikuwa amezeeka. Nilimkaribisha kwenye kochi, nikaweka chai. Nikiwa njiani kutoka jikoni nilifikiri kumtungia kifo. Kifo kizuri, cha haraka, mimi nikiwa nimemshika mkono, chini ya mti fulani. Ningeweza. Nilikuwa na mto, nilikuwa na matete. Lakini nilimwona kichwani mzee Konrad akinitazama vile alivyonitazama, na nikaona kwamba nikimpa mama huyu uongo, mwanawe naye atakuwa ameitikiwa na mwingine kama mimi, na hatatafutwa tena na mtu yeyote.

"Mama," nilisema, "sikuwa naye."

Nikamweleza yote. Mchezo wetu wa darasani, macho ya mwalimu, kanisa, sauti ya puani.

"Alisema nini?" aliuliza.

"Alisema mimi nipo."

"Kumbe hata kule alikuwa anafanyaka ujinga," alisema, na midomo yake ilitaka kucheka ikashindwa. "Nyumbani ndiyo alikuwa anamwitikia baba yake. Nikiita mzee, inaitika sauti ya mtoto."

Chai ikapoa.

"Basi haukumwona."

"Sikumwona, mama."

"Na hakuna mwenye alimwona kisha matete."

"Hakuna."

Aliweka kikombe chini taratibu. "Ile miaka yote miwili sikulia, unajua? Nilisema ningoje. Bitondo atanipa fasi alikufia, nitalilia pale."

Niliomba samahani. Sikujua naombea nini, lakini niliomba kwa moyo wote. Alitikisa kichwa, akavua viatu, akavipanga kando ya kochi. Akalivua koti. Halafu akateremka akakaa sakafuni juu ya zulia, akanyoosha miguu mbele yake kama wanawake wetu wanavyokaa msibani, akajifunga kitambaa cha kichwa kiunoni.

"Basi," alisema, "ni hapa."

Nami nikakaa sakafuni karibu yake, na akaanza. Alilia kilio cha kwetu, kile kinachoanza chini na kupanda. Jirani wa upande wa pili aligonga ukuta tupunguze sauti, akagonga tena. Hatukupunguza. Hivyo ndivyo alivyoliliwa Kashindi, mchana wa Jumapili katika chumba changu cha kupanga, na watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyejua amelala wapi.